Tofali Lenye Vidole

Lipu ya zamani ilibanduka kirahisi, kama ganda la yai la kuchemsha. Ukigonga mara mbili kwa tindo unasikia uwazi nyuma yake, mara pande zima linaporomoka na kukuachia vumbi puani.

"Aliyepiga lipu hii," alisema Mzee Timazi, "saruji aliipeleka kwake. Hapa alibandika mchanga na dua."

"Pengine dua ilikuwa chache," alijibu Pimamaji kutoka juu ya jukwaa.

"Dua ilitosha. Mchanga ndio haukuwa na imani."

Walikuwa wawili tu katika darasa lile lisilo na madawati, wamepewa siku kumi wabandue kuta zote nne na kuzipiga lipu mpya kabla shule haijafunguliwa. Mzee aliitwa Timazi kwa sababu hakuachana na ile kamba yake yenye kipande cha chuma. Hata msibani ilikuwa mfukoni, na watu walisema aliwahi kuitoa makaburini akapima kama kaburi limechimbwa wima. Mwanamke aliitwa Pimamaji kwa sababu jicho lake lilikamata ukuta uliopinda kabla chombo chenyewe hakijatolewa kwenye mfuko. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia kwenye lipu.

Watu walidhani anapenda lipu kwa kuwa ni kazi ya kulainisha, kazi ya mkono mwepesi. Kujenga hakutaka. Ukimwambia apange matofali angekutafutia sababu: mgongo, kichwa, jua. Mzee Timazi, aliyemwokota kwenye ujenzi mmoja akiwa binti wa kubeba maji na kumfundisha kazi, alijua nusu ya habari, kwamba binti huyu hapendi kushika tofali. Nusu ya pili hakuwahi kuulizia. Pimamaji alipenda lipu kwa sababu inafunika tofali.

Pande jingine likaanguka, pana kama mlango. Vumbi lilipotulia, akaona vidole.

Vilikuwa ubavuni mwa tofali moja, kozi ya pili ya matofali juu ya dirisha. Vibonyeo vitatu vilivyozama kwenye udongo ulipokuwa bado mbichi, kisha moto ukavikausha vikabaki. Cha kwanza kilikuwa chembamba. Cha tatu kilikuwa kidogo, cha kidole cha mwisho. Cha katikati kilikuwa kipana kama vidole viwili vilivyolala kitanda kimoja.

Aliinua nyundo, akaishusha bila kugonga. Akashuka jukwaani, akapindua ndoo, akakaa juu yake.

"Nini? Nyoka?" aliuliza mzee.

"Hapana."

"Basi kama si nyoka panda, mama. Siku kumi si mwaka."

Hakupanda. Alikaa akiutazama ukuta, na mikono yake, iliyokuwa imetulia miaka mingi, ikaanza kufanya kitu ambacho hakuiamuru. Ilijikunja kana kwamba imeshika kitu kizito cha urefu wa shubiri moja na ushei, ikageuka, ikaweka chini. Ikashika tena, ikageuka, ikaweka chini.

*

Alikuwa na miaka kumi na mmoja mjomba alipokuja kuwachukua, yeye na mdogo wake wa miaka minane. Wanasema mjomba ni mama mwenye ndevu. Huyu wao alikuja na pipi na maneno. Kuna tajiri, alisema, mtu wa watu, ana nyumba kubwa na hana watoto wa kuijaza. Dada mtu atasaidia kazi ndogondogo za ndani, na wote wawili watasoma. Mama yao alikuwa mjane mwenye shamba la kuazima. Alimshukuru ndugu yake mpaka akalia.

Nyumba kubwa waliiona mara moja, kwa mbali, gari lilipoipita. Waliposhushwa palikuwa na mashimo ya udongo, mabanda ya mabati, na tanuru refu kama ghala linalotoa moshi kila pembe. Mjomba aliongea pembeni na mtu mwenye fimbo, wakacheka, wakapeana mikono. Mtu huyo ndiye aliyekuwa nyapara. Mjomba aliondoka bila kuaga.

Kazi ya watoto ilikuwa kugeuza. Wakubwa walikanyaga udongo na kuujaza kwenye kalibu za mbao. Matofali mabichi yalilazwa uwanjani safu kwa safu, na baada ya siku mbili za jua watoto walipita wakiinama, kila mmoja na safu yake, kuyainua na kuyasimamisha ubavu ili yakauke upande wa pili. Kidole gumba huku, vidole vinne kule. Ukilishika mapema, kabla halijakaza, vidole vinazama. Hilo liliitwa tofali lenye vidole, na nyapara alikuwa na adhabu yake: viboko kwenye mkono uleule ulioacha alama. Lakini wingu likitanda, nyapara huyohuyo aliwafokea wageuze haraka, makavu na mabichi, mvua isiyakute chini. Kwa hiyo walichapwa kwa kuchelewa au walichapwa kwa kuwahi. Njia ya tatu haikuwepo.

Watoto walijifunza ujanja. Tofali lenye vidole walilipanga kwenye rundo ubavu wenye alama ukitazama ndani. Nao waashi, walipofika nalo kwenye ujenzi, waliutazamisha ubavu huo chumbani, maana chumbani patapigwa lipu na hakuna atakayeona. Hivyo ndivyo alama za watoto zilivyoingia kwenye majumba ya watu, zikalala chini ya lipu na rangi na picha za harusi.

Mdogo wake alizaliwa na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeungana, cha kati na cha pete, ngozi moja mpaka kwenye kucha. Nyumbani walimwita Kibata, na mwenyewe aliitika kwa sauti ya bata, akitembea kwa kuyumba mpaka mama yao anashika mbavu. Tanurini utani huo uligeuka balaa. Mtoto mwingine akiacha alama, nyapara hajui ni nani, na mara nyingine wote wananyamaza mpaka hasira zinampita. Kibata akiacha alama, alama inamtaja.

Aliishi hapo mwaka mmoja na miezi miwili. Alikufa asubuhi, jua likiwa limeshapanda, baada ya mvua ya siku tatu. Nyapara alimpeleka chini ya ukingo wa shimo kuchokonoa udongo mzuri uliokuwa ndani, kwa kuwa ni mdogo na angeingia pale mtu mzima asipoingia. Ukingo ukashuka. Haukupiga kelele kubwa. Ulitoa sauti kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Walifukua kwa mikono. Dada yake alifukua mpaka kucha mbili zikatoka. Walipompata, nyapara aliagiza mkokoteni na magunia, akawaambia watoto warudi uwanjani, tanuru limeshawashwa na halizimwi. Mkokoteni ulielekea nyuma ya mashimo ya zamani. Jioni nyapara akawapanga mstari.

"Yule mwenye vidole vya bata amekimbia," alisema. "Mmesikia? Amekimbia. Nataka nisikie."

Watoto wakasema, amekimbia. Dada yake naye alisema.

Alibaki pale miaka mitatu zaidi, mpaka tajiri aliposikia wakaguzi wanakuja akalifunga tanuru na kuwatawanya watoto kama kuku. Mjomba ndiye aliyekuja kumchukua. Njiani alimnunulia soda, zawadi ya kwanza tangu ile pipi, akamwambia kwa upole, "Ukifika mwambie mama yako mdogo wako alikimbia kwenye nyumba ya tajiri, akaenda kutafuta maisha. Ukisema vingine moyo wake utasimama, na utakuwa umemuua wewe." Akafika. Mama akamkumbatia, akatazama nyuma yake, akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kivuli chake kimeingia kabla yake.

"Alikimbia," alisema mtoto.

Mwaka mzima ulipita kabla hajaweza kusema ukweli, na alipousema mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo Pimamaji alilibeba tangu siku hiyo kama mawe kwenye fundo la nguo.

"Siku ya kwanza ulisema alikimbia. Leo unasema alikufa. Yote mawili umeyasema wewe. Nishike neno lako lipi?"

Mama akashika la kwanza. Nani angemlaumu? La kwanza lilikuwa na mtoto hai ndani yake.

*

"Hizi alama ni za mtu unayemjua," alisema Mzee Timazi. Hakuuliza. Alikuwa ameshapanda jukwaani, miwani imeshuka puani, ameweka kiganja chake karibu na tofali bila kuligusa.

Pimamaji akamweleza, akiwa palepale juu ya ndoo. Alieleza kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayetaja vipimo. Mwishoni mzee alishuka, akachukua tindo jembamba kuliko yote, akaanza kulinoa.

"Nimejenga miaka arobaini," alisema. "Haya ya vidole nimeyapanga mwenyewe. Tulikuwa tukisema, geuza uso wake ndani, linatia aibu ukuta. Hivyo tu. Hatukuuliza mkono huu wa nani, mbona ni mdogo hivi." Akapima makali kwa kidole gumba. "Tunalitoa."

Wakati huo Mwalimu Mkuu akaingia, ameinua suruali isiguse vumbi. Alikuwa mtu mzuri, mwenye haraka ya watu wenye shule mbovu na barua nyingi.

"Mafundi, poleni na kazi. Mbona mmesimama?"

"Tunatoa tofali moja," alisema mzee. "Tunarudisha jingine."

"Hapana, hapana, msinitobolee ukuta. Matofali haya ni msaada wa mfadhili wetu, bamba lake si lile pale mlangoni? Yeye mwenyewe anakuja kufungua. Atasemaje akikuta matundu?"

"Mfadhili," alisema Pimamaji. "Ndiye aliyekuwa na tanuru kule kwenye bonde la mto?"

"Huyohuyo. Siku hizi ameacha, ana malori. Mzee mwenye huruma sana. Anapenda watoto yule, hujapata kuona."

"Najua. Alikuwa nao wengi."

Mwalimu Mkuu alicheka kidogo, kwa adabu, akidhani ni mzaha ambao hakuupata. Kisha akaona mwanamke hacheki, akaacha. Mzee Timazi akamshika bega akamtoa nje taratibu kama mtu anayemsindikiza mgeni.

"Mwalimu, ukuta ni wako kuanzia siku ya kukabidhiwa. Leo bado ni wangu. Nenda kaandike barua."

Walilitoa kwa saa nzima, wakikwangua udongo wa viungo kidogokidogo kama wanaomtoa mtu mwiba. Lilipolegea Pimamaji alilipokea kwa mikono yake miwili. Lilikuwa tofali la kwanza kulishika kwa hiari yake. Alipoligeuza, kwenye upande uliokuwa umetazama ndani ya ukuta kulikuwa na kibonyeo kimoja tu, cha mviringo, kisichozidi kifungo cha koti. Kidole gumba.

Hapo ndipo hasira ilipomjia. Kulia alikuwa amejiandaa kulia, na machozi hayakuja. Ilikuja hasira safi, kavu. Alimkasirikia nyapara na tajiri na bamba lake la shaba mlangoni. Aliwakasirikia waashi wote waliogeuza uso wa tofali ndani, pamoja na huyu mzee aliyempenda kama baba. Alijikasirikia mwenyewe, miaka kumi na miwili anazunguka na karai akilainisha kuta za watu, na nani ajue ni watoto wangapi aliowafunika kwa mkono wake. Na juu ya wote alimkasirikia mtu mmoja ambaye siku hiyo, kama kila mwisho wa mwezi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyumbani kwao akinywa chai.

"Yale mengine?" aliuliza mzee. Kwenye ukuta uliobaki wazi kulikuwa na alama nyingine, za vidole vinne vinne, hapa na pale.

"Usiyapige lipu mpaka nirudi."

"Nitamwambia mwalimu ukuta unakauka," alisema Mzee Timazi. "Unaweza kukauka muda mrefu sana, ukuta."

*

Mjomba alikuwa kwenye kiti, kile chenye mto, mguu mmoja juu ya mwingine. Umri ulikuwa umemnenepesha. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yake, na kati yao kulikuwa na meza, sinia la chai na uso wa mama ulioinuliwa kama wa mtoto anayesubiri hadithi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Na mjomba wako humwoni?"

"Nimemwona."

"Mwache, dada," alisema mjomba kwa ukarimu. "Vijana wa siku hizi heshima wameiweka kwenye simu. Nilikuwa nasema hivi, huyu dereva wa malori si mtu wa porojo. Anasema bandarini kule kuna kuli mmoja, kijana mrefu, mkimya, mkono wake wa kulia vidole viwili vimeungana. Nikamwambia mfuatilie. Mwezi ujao nitakuwa na jibu."

"Mrefu?" aliuliza mama. "Mrefu kiasi gani?"

"Kama mlango."

Mama akatabasamu, akatazama sanduku lililo chini ya dirisha. Pimamaji alijua kilichomo. Kila mwaka mama alinunua shati moja sokoni kwa ajili ya mtoto aliyekimbia, akikadiria mabega. La kwanza lilikuwa la mtoto wa miaka kumi na miwili. Yalikuwa kumi na matatu sasa, yamepigwa pasi, yanakua moja baada ya jingine kama ngazi. Mwezi uliopita kijana alionekana kwenye machimbo. Mwaka juzi alikuwa jeshini. Mjomba alikuja na habari, akala, akapewa kuku mzima akiondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kinakaribishwa kwa mikono miwili.

Pimamaji akafungua gunia alilokuja nalo, akasogeza sinia, akaweka tofali juu ya meza, ubavu wenye alama ukitazama juu.

"Nini tena hiki?" alisema mjomba. "Unamjengea mama yako?"

"Mama, njoo uangalie."

Mama alikuja akipangusa mikono. Alitazama bila kuona, kama mtu anavyotazama tofali. Kisha akaona. Alivuta kigoda, akakaa, akainama mpaka pumzi yake ikapeperusha vumbi. Kidole chake cha shahada kikaingia kwenye kibonyeo cha kwanza, kikakwama njiani kwa kuwa kibonyeo kilikuwa kidogo. Akajaribu cha katikati. Akakipapasa ukingoni, pale chini kabisa, ambapo alama ya kucha mbili zilizoshikana ilikuwa imebaki kama mstari wa kalamu.

"Hizi kucha nilizikata mimi," alisema. "Nilikuwa natumia wembe, mkasi ulikuwa hauingii katikati."

"Dada," alisema mjomba, "vidole vya watu—"

"Nyamaza kidogo."

Hakusema kwa ukali.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye ukuta wa shule. Lilichomwa kwenye tanuru nililokwambia. Aliligeuza mapema, mvua ilikuwa inakuja. Angelichapwa, kwa hiyo tulilificha."

"Mwenye tanuru anaweza kuwa na watoto wa kila namna," alisema mjomba, na sasa alikuwa ameshusha mguu. "Mimi niliwapeleka kwenye nyumba. Nyumba ya ghorofa. Aliyekwenda tanurini ni huyu binti yako, alipenda mwenyewe pesa za vibarua. Mdogo wake hakukanyaga pale hata siku moja. Nilishasema."

"Ulisema," alisema mama. Alikuwa ameligeuza tofali, amepata kile kibonyeo cha gumba, anakizungusha kwa ncha ya kidole chake. Nje mtu alikuwa akigonga debe, na kuku wakapita mlangoni. Pimamaji alikuwa amejiandalia maneno ya miaka kumi na miwili. Mama ndiye aliyesema, na alisema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, bila hata kuinua kichwa.

"Ndugu yangu, walimzika na shati gani?"

"Sikuwepo walipomzika, dada, mimi nilikuja kuambiwa baada ya—"

Akaacha hapo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa imechukua miaka kumi na sita kufika, na ilipofika ilifika kwa miguu yake yenyewe, hakuna aliyeivuta.

Mama akainua uso. Pimamaji alitazamia kilio. Alikuwa ameshasogea karibu, mikono tayari kumdaka. Lakini uso aliouona aliutambua, kwa sababu ndio uliokuwa wake mwenyewe saa tatu zilizopita chini ya dirisha la darasa.

"Inuka kwenye hicho kiti."

"Dada, sikiliza. Nilikuwa nakulinda. Presha yako. Ningekwambia vipi? Nilisema nikupe tumaini kidogo kidogo..."

"Kijana mrefu kama mlango," alisema mama. "Jeshini. Machimboni. Bandarini. Umekula kuku wangu miaka kumi na mitatu juu ya maiti ya mwanangu. Inuka. Hicho kiti nilikinunua nikasema, Kibata akirudi akae."

Mjomba aliinuka. Alimtazama Pimamaji, labda akitafuta yule mtoto aliyepewa soda. Hakumwona. Alichukua kofia yake, akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Mama alifungua sanduku. Akalitoa shati la chini kabisa, la kwanza, jeupe lenye mfuko, akalitandaza mezani karibu na tofali. Akapima kwa macho: mkono ule mdogo, na mkono wa shati.

"Hata hili lingempwaya," alisema.

"Mama, nisamehe. Siku ile ya kwanza nilisema alikimbia."

"Ulikuwa na miaka kumi na mitano na nyoka amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa mtu mzima." Akalikunja shati, akalirudisha, akafunga sanduku kwa goti. "Mimi ndiye niliyechagua neno."

Pimamaji alidhani sasa watalizika tofali. Alikuwa amelifikiria njiani: nyuma ya nyumba, penye kivuli, wawili tu. Alipolisema, mama alimtazama kama mtu aliyependekeza upuuzi.

"Siziki tofali. Nataka mwanangu. Umesema nyuma ya mashimo ya zamani, unapakumbuka?"

"Napakumbuka."

"Lifunge. Tunakwenda polisi."

"Sasa hivi?"

"Nimekaa miaka kumi na mitatu nikinunua mashati. Unataka nikae tena mpaka lini?"

*

Kituoni kulikuwa na kaunta ya mbao, daftari kubwa, na askari kijana aliyekuwa akila karanga. Mama aliliweka tofali juu ya daftari.

"Mama yangu, utachafua karatasi za serikali. Literemshe chini."

"Litakaa hapo."

Askari alimtazama mama, akamtazama binti mwenye vumbi la lipu mpaka kwenye kope, akasogeza karanga. Walimweleza. Alisikiliza mwanzo kwa sikio moja, kisha kwa yote mawili. Alipotajiwa jina la tajiri alikuna shingo, akasema hilo ni jambo la zamani, na ni mtu mkubwa, na mkuu wa kituo hayupo, pengine warudi wiki ijayo.

"Tutamsubiri," alisema Pimamaji, akavuta benchi. Lilikuwa limepinda kushoto, aliliona kabla hajalikalia.

"Wiki ijayo, dada."

"Tumesikia. Andika kwanza. Kuna watoto wengine ukutani, nitakuonyesha alama zao moja moja. Lakini anza na huyu."

Askari akashusha pumzi. Akalisukuma tofali pembeni kwa ncha za vidole, akaona vile vibonyeo vitatu, akaondoa mkono. Akafungua ukurasa mpya.

"Jina?"

Mama akalitaja lote, lake na la baba yake na la babu yake, polepole, akisubiri kalamu ifike.

"Umri?"

Pimamaji alimtazama mama yake. Jana tu, angeulizwa, angejibu bila kufikiri: ishirini na mitano, mrefu, mabega ya baba yake.

"Tisa," alisema mama. "Andika tisa."